Mlango Mmoja wa Kutokea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Programu Zenye Muundo

Programu yenye muundo ni ipi?

Ni programu ambayo mtiririko wake umejengwa kwa maumbo machache yanayojulikana: amri zinazofuatana moja baada ya nyingine, uchaguzi wa njia kwa kutegemea sharti, na kitanzi kinachorudia amri zilezile mpaka sharti fulani litimie. Kila umbo laweza kuingia ndani ya jingine, kama sufuria zinavyoingiana kabatini, na kwa nje kila moja lina mahali pamoja pa kuingilia na mahali pamoja pa kutokea. Kinyume chake ni programu inayoruka kutoka mstari wowote hadi mstari wowote kwa amri ya go to. Katika Fortran ya kwanza, ambayo IBM waliitoa mwaka 1957, kitanzi cha DO kilikuwapo, lakini uchaguzi wa njia ulifanywa kwa kuruka: amri ya IF ilitaja nambari tatu za mahali pa kwenda, moja ikiwa thamani ni hasi, ya pili ikiwa ni sifuri na ya tatu ikiwa ni chanya. Programu ya kurasa kumi iliyoandikwa kwa mtindo huo ilikuwa kama sahani ya tambi. Ukivuta uzi mmoja, hujui utaibukia wapi.

Dijkstra alisema nini hasa kuhusu go to?

Watu wengi wanakumbuka kichwa cha barua yake na kusahau hoja yenyewe, na hilo ndilo chanzo cha mabishano mengi yasiyo na faida. Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta kutoka Uholanzi, aliipeleka barua hiyo kwa jarida la Communications of the ACM, nayo ikachapishwa Machi 1968. Kichwa alichokiweka mwenyewe kilikuwa cha upole, cha kutoa hoja dhidi ya go to. Kile kikali, kinachotangaza kwamba amri hiyo ina madhara, kiliwekwa na mhariri Niklaus Wirth, yuleyule aliyekuja kuiunda lugha ya Pascal.

Hoja yake inaanzia kwa binadamu. Akili zetu zina uwezo mzuri wa kuelewa uhusiano wa vitu vilivyotulia, lakini ni dhaifu katika kufuatilia jambo linalobadilika kadiri muda unavyokwenda. Msimbo, yaani maandishi ya programu, umetulia kwenye ukurasa, ilhali kazi inayofanyika kompyuta inapoutekeleza haitulii, kwa hiyo ni wajibu wa mwandishi kulifupisha pengo lililopo kati ya hayo mawili.

Kisha anatoa kipimo ambacho, kwa maoni yangu, ndicho kiini cha mjadala wote. Tuseme programu imesimamishwa ghafla katikati ya kazi: unahitaji kutaja nini ili mtu mwingine ajue imefika wapi? Ikiwa ni amri zinazofuatana pamoja na uchaguzi wa njia, yatosha kutaja mstari. Ikiwa kuna fankisheni, yaani vipande vya programu vyenye jina, zinazoitana, unataja mlolongo wa miito. Ikiwa kuna kitanzi, unaongeza idadi ya mizunguko iliyokwisha kupita. Basi. Lakini go to ikitumiwa kiholela, kusema kwamba tuko mstari wa 40 hakutoshi, kwa sababu huenda tumefika hapo kutoka mstari wa 12, wa 87 au wa 203, na thamani ya kila kigeu (jina linalohifadhi thamani inayoweza kubadilika) inategemea safari iliyopitwa. Orodha ya miito ambayo Python au Java huichapisha programu inapoanguka ni kipimo hichohicho cha Dijkstra. Tunakitumia kila siku, na kina maana kwa sababu tu lugha zenyewe zimetuzuia kuruka ovyo.

Ni kweli kwamba programu yoyote yaweza kuandikwa bila go to?

Ndiyo, na uthibitisho wake ni wa zamani kuliko barua ya Dijkstra. Mwaka 1966 Waitaliano wawili, Corrado Böhm na Giuseppe Jacopini, walionyesha kwamba mchoro wowote wa mtiririko waweza kugeuzwa ukawa na mfuatano, uchaguzi na kitanzi peke yake. Hata hivyo, ugeuzaji huo una gharama, kwani mara nyingi hulazimisha kuongeza vigeu vya ziada vinavyokumbuka mahali ambapo programu ingekuwa imefika. Mtu akiondoa go to kwa njia hiyo ya kimashine, ule mruko uliokuwa ukionekana kwenye ukurasa hujificha ndani ya kigeu kinachoitwa "hali" au "imekwisha", na msomaji hana nafuu yoyote. Dijkstra mwenyewe alitahadharisha juu ya jambo hilo katika barua ileile.

Mwaka 1974 S. Rao Kosaraju alionyesha kwamba vigeu hivyo vya ziada vyaweza kuepukwa iwapo lugha inaruhusu kutoka katikati ya kitanzi, hata kuvuka vitanzi kadhaa vilivyomo kimoja ndani ya kingine. Mwaka huohuo Donald Knuth aliandika makala ndefu iliyopima pande zote mbili kwa mifano, akionyesha mahali ambapo go to ni bora iondoke na mahali ambapo kuiondoa kunaharibu. Kwa hiyo, miaka sita tu baada ya barua ile, mjadala wa kitaaluma ulikuwa umekomaa kuliko mengi tunayoyasikia leo.

Kanuni ya mlango mmoja wa kutokea ilitoka wapi?

Hapa pana mkanganyiko ambao ningependa kuufungua polepole. Katika maandishi yake ya mwishoni mwa miaka ya 1960, Dijkstra alichora maumbo ya msingi na kubainisha kwamba yote yanaingiwa kwa juu na kutokewa kwa chini, kwa hiyo kila moja laweza kuchukuliwa kama tendo moja. Alikuwa akizungumzia maumbo ya mtiririko, katika zama ambazo hata fankisheni hazikuwa na mipaka tunayoijua leo. Fortran iliruhusu, kwa amri ya ENTRY, kuingia katika utaratibu mdogo kutoka sehemu kadhaa. Tena iliruhusu, jambo ambalo kijana wa leo atalishangaa, utaratibu huo urudi mahali tofauti na pale ulipoitiwa: mwitaji hupeleka orodha ya nambari za mistari, na RETURN 1 humrudisha kwenye ya kwanza, RETURN 2 kwenye ya pili. Uwezo huo uliingizwa hata katika kiwango cha Fortran 77.

Kwa mazingira hayo, kudai mlango mmoja wa kutokea kulimaanisha kwamba yeyote aliyekuita ndiye utakayemrudia, na utamrudia palepale alipokuachia. Lugha karibu zote tunazozitumia sasa zinatulazimisha kufanya hivyo. Ukiweka return, yaani amri ya kutoka katika fankisheni na kumrudia mwitaji, iwe moja au saba ndani ya fankisheni ya Python, zote saba zinarudi mahali pamoja. Baadaye kanuni ikapokewa kwa maana nyembamba zaidi, kwamba neno return lionekane mara moja tu, tena katika mstari wa mwisho. Na Pascal, ambayo kwa asili haikuwa na amri ya return kabisa, iliwazoesha wanafunzi wa miaka mingi kuona kwamba hiyo ndiyo hali ya kawaida.

Basi return nyingi zinaruhusiwa?

Jibu langu ni ndiyo, pale zinapomrahisishia msomaji. Tazama fankisheni hii ya chama cha akiba na mikopo, inayokokotoa kiasi ambacho mwanachama anaweza kukopeshwa:

```
def kiasi_cha_mkopo(mwanachama, ombi):
    if not mwanachama.hai:
        return 0
    if mwanachama.ana_deni:
        return 0
    kikomo = mwanachama.akiba * 3
    if ombi > kikomo:
        return kikomo
    return ombi
```

Na hii ndiyo kazi ileile kwa return moja:

```
def kiasi_cha_mkopo(mwanachama, ombi):
    kiasi = 0
    if mwanachama.hai:
        if not mwanachama.ana_deni:
            kikomo = mwanachama.akiba * 3
            if ombi > kikomo:
                kiasi = kikomo
            else:
                kiasi = ombi
    return kiasi
```

Zote mbili ni sahihi, na zote mbili zina muundo. Katika ya kwanza, nikishapita mstari wa tano najua kwa yakini kwamba mwanachama yu hai na hana deni, na sihitaji kuendelea kuyabeba masharti hayo kichwani, nimeyatua. Katika ya pili nayabeba mpaka mwisho, na kila sharti jipya linausukuma msimbo kulia zaidi. Sasa fikiria chama kimeongeza masharti mengine manne, la umri wa uanachama, la wadhamini, la hisa na la mahudhurio, na utaona ni toleo lipi litakalobaki likisomeka.

Hata hivyo, ninatofautisha return za mlangoni na return za katikati. Zile za juu zinazokataa maombi yasiyofaa ni kama bawabu, kwani kazi yao inaonekana na inakwisha hapo. Return iliyofichwa ndani ya kitanzi cha tatu, kwenye mstari wa 140 wa fankisheni yenye mistari 200, ni jambo jingine, kwa sababu anayeongeza mstari mwishoni mwa fankisheni hiyo ataamini kwamba utatekelezwa daima, na hautatekelezwa.

Kuna mazingira ambayo mlango mmoja unasaidia kweli?

Yapo, na anayeyapuuza hulipa. Fankisheni ikishaazima kitu, iwe ni faili, kumbukumbu, kufuli au muunganisho wa hifadhidata, kila njia ya kutokea inadaiwa kukirudisha. Niliwahi kuitwa kuangalia mfumo wa malipo wa kampuni moja ambao ulikuwa ukifanya kazi vizuri kila asubuhi na kukwama kila ifikapo saa nane mchana. Palikuwa na miunganisho 20 ya hifadhidata. Mtu alikuwa ameongeza ukaguzi wa nambari ya simu, na nambari ikiwa na kasoro fankisheni ilitoka kwa return mpya, nadhifu kabisa kwa kuitazama, lakini iliyowekwa baada ya mstari wa kuazima muunganisho na kabla ya ule wa kuurudisha. Kila mteja aliyekosea nambari aliondoka na muunganisho mmoja. Wa ishirini alipoondoka, wote waliofuata walisubiri bila kujibiwa.

Katika lugha ya C, ambayo haina njia ya kujirudishia yenyewe kilichoazimwa, mlango mmoja ni kinga nzuri, na wakati mwingine namna safi ya kuufikia ni go to yenyewe:

```
int nakili(const char *chanzo, const char *lengo)
{
    int matokeo = -1;
    FILE *a = NULL, *b = NULL;

    a = fopen(chanzo, "rb");
    if (a == NULL)
        goto mwisho;
    b = fopen(lengo, "wb");
    if (b == NULL)
        goto mwisho;
    matokeo = hamisha(a, b);
mwisho:
    if (b != NULL)
        fclose(b);
    if (a != NULL)
        fclose(a);
    return matokeo;
}
```

Mruko huu unakwenda mbele tu, unakwenda mahali pamoja, na jina la mahali hapo linajieleza. Mwongozo wa uandishi wa kiini cha mfumo endeshi wa Linux unaupendekeza mtindo huu waziwazi kwa fankisheni zenye usafi wa kufanya kabla ya kutoka. Katika lugha nyingine kazi hiyo imepewa umbo lake maalumu: Python ina with, Go ina defer, Java ina try pamoja na finally, na C++ huviharibu vitu vya ndani ya fankisheni, na hivyo kuachilia vilivyoshikwa navyo, kila njia ya kutokea inapopitwa. Mahali penye vifaa hivyo, sababu kuu ya kudai return moja imeondoka. Muunganisho wa ile kampuni ulirekebishwa kwa mstari mmoja wa with, na ile return ikabaki palepale ilipokuwa.

Kosa la Apple la mwaka 2014 si ushahidi kwamba go to ni hatari?

Februari 2014 Apple walitoa marekebisho ya haraka ya iOS kwa sababu sehemu iliyokagua sahihi ya seva katika mawasiliano ya siri ilikuwa na mistari miwili mfululizo inayosema goto fail. Wa kwanza ulikuwa chini ya sharti lake. Wa pili ulionekana kama uko chini ya sharti hilohilo kwa jinsi ulivyosogezwa kulia, lakini hapakuwa na mabano yanayoukusanya pamoja na wa kwanza, kwa hiyo ulitekelezwa kila mara. Ukaguzi wa mwisho ukarukwa, kigeu cha kosa kikiwa bado kina sifuri, yaani "hakuna kosa", na fankisheni ikatangaza kwamba sahihi ni halali bila kuikagua.

Badilisha sasa goto fail iwe return err: kosa linabaki vilevile. Kilichokosekana ni mabano, jaribio la kupeleka sahihi ya uongo, na onyo la kompaila (programu inayotafsiri msimbo kwenda lugha ya mashine) kuhusu msimbo usioweza kufikiwa. Kuna somo jingine ambalo naliona kubwa zaidi, nalo ni kwamba kigeu cha matokeo kianze na thamani ya kushindwa, kama matokeo = -1 katika mfano wa juu, ili atakayeifikia njia ya kutokea kabla ya wakati asihesabiwe kuwa amefaulu.

Viwango vya usalama vinadai nini?

Kwa magari na mitambo ambayo kosa lake laweza kuua mtu, kanuni bado ipo. MISRA C ya 2004, ambayo chimbuko lake ni viwanda vya magari vya Uingereza, iliifanya kuwa ya lazima kwamba fankisheni itokewe mahali pamoja mwishoni. Toleo la 2012 liliishusha likaiweka katika daraja la ushauri. ISO 26262, kiwango cha usalama wa mifumo ya umeme ya magari, nacho kinaitaja miongoni mwa kanuni za usanifu. Kwa upande mwingine, Gerard Holzmann wa maabara ya NASA ya JPL, katika kanuni zake kumi za mwaka 2006 za msimbo unaohitaji uhakika wa hali ya juu, alikataza go to na hata fankisheni kujiita yenyewe, lakini akaeleza bayana kwamba halazimishi return moja, kwa kuwa zipo hali za kutosha ambapo kurudi mapema kosa linapogunduliwa ndilo suluhisho jepesi. Ikiwa kazi yako iko chini ya mojawapo ya viwango hivi, fuata kinachosema mkataba wako na uandike sababu kila unapokengeuka.

Je, break katikati ya kitanzi ni kuvunja muundo?

Chukua kazi ya kusoma namba na kuzijumlisha mpaka mtumiaji aandike sifuri. Kimaumbile kazi hii ina sehemu mbili, kusoma na kujumlisha, na uamuzi wa kuacha unaangukia katikati yake. Ukikatazwa break, yaani amri ya kutoka katika kitanzi papo hapo, utalazimika ama kuandika amri ya kusoma mara mbili, moja kabla ya kitanzi na nyingine mwishoni mwake, ama kuweka kigeu cha bendera, kinachokumbuka kama wakati wa kuacha umefika. Siku mtu akibadilisha usomaji wa kwanza na kuusahau wa pili, programu inaanza kutoa majibu mawili.

Swali hili limepimwa kwa wanafunzi. Mwaka 1983 Elliot Soloway na wenzake walilinganisha Pascal ya kawaida na Pascal iliyoongezewa amri ya kutoka katikati ya kitanzi, wakakuta kwamba waliotumia hiyo ya pili waliandika programu sahihi kwa wingi zaidi. Eric Roberts wa Stanford aliurejesha mjadala huo mwaka 1995, akiwasihi walimu waache kukataza kwa mazoea. Mimi naungana naye.

Na eksepsheni je?

Eksepsheni, yaani taarifa ya hitilafu inayokatiza fankisheni na kupanda kwa mwitaji, ni mlango wa kutokea usioandikwa. Mstari wowote unaoita fankisheni nyingine waweza kuwa njia ya kutokea, hata kama neno return linaonekana mara moja tu. Kwa hiyo anayesisitiza return moja katika Java na kuacha kutumia finally amefunga mlango wa mbele na kuuacha wa uani wazi.

Mwalimu wangu ananikata alama nikiandika return mbili. Nifanye nini?

Fuata kanuni ya darasa, kwani inakufundisha stadi ya kweli, yaani kulipanga sharti lako mpaka njia zote zikutane. Andika matoleo yote mawili nyumbani, kama nilivyofanya kwa mfano wa mkopo, kisha umwombe mwalimu kwa heshima mjadiliane ni lipi lenye hatari zaidi sharti la tano likiongezwa. Na ukiwa wewe ndiwe mwalimu, nakuomba ukate alama kwa kitu kilichoazimwa kisirudishwe kabla ya kuhesabu return.

Nimerithi fankisheni ya mistari 300 yenye return 14. Nianzie wapi?

Usianze kwa kuzipunguza. Anza kwa kuandika majaribio, walau moja kwa kila return, ili ujue kila mlango unatoa nini kwa sasa. Kisha weka alama kila mstari unaoazima kitu, na ukague kwa kidole, return moja baada ya nyingine, kama kitu hicho kinarudishwa kabla yake. Katika hatua hii ndipo hitilafu za kweli hujitokeza, kwa hiyo usiifanye kwa haraka. Zile return zinazokataa data mbovu zipandishe juu, kabla ya kuazima chochote. Vitanzi vyenye return ndani yake vitoe, kila kimoja kiwe fankisheni yake fupi yenye jina, kwa mfano tafuta_risiti, ambamo kurudi katikati kunaeleweka mara moja, maana kinachotafutwa kikishapatikana hakuna cha kuendelea kukitafuta. Endesha majaribio baada ya kila hatua, na usiunganishe hatua mbili katika badiliko moja, hata kama ya pili inaonekana ndogo.